Pikipiki ya petroli, ya umeme ya kuchaji mwenyewe, au ya kubadilisha betri kituoni: ipi inakufaa?

Swali linaloulizwa kila siku sa hivi ni hili, ninunue ya petroli au ya umeme, na majibu mengi utakayopewa ni ya ushabiki, huyu anakwambia mafuta yamepitwa na wakati, yule anakwambia hizo za umeme ni midoli ya watoto. Mi naona shida inaanzia kwenye swali lenyewe maana pikipiki za kulinganisha hapo ni tatu. Kuna ya petroli. Kuna ya umeme ambayo betri ni yako, unaichaji mwenyewe. Alafu kuna ya umeme ambayo chombo ni chako lakini betri ni ya kampuni, unapita kituoni unaacha iliyoisha unaondoka na iliyojaa. Hizi mbili za mwisho watu wanaziweka kapu moja kila mara, wakati kimfuko na kiratiba ya siku zinaachana sana, na mtu aliyeumizwa na moja anakuja kuitukana nyingine.

Ili tusiongee hewani tuchukue mfano wa kwenda nao mpaka mwisho. Upande wa petroli injini ya cc 125. Upande wa umeme chombo cha ukubwa huohuo chenye betri ya volti 72 na Ah 40 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha betri imebeba umeme kiasi gani, kimeandikwa kwenye kibandiko). Ya kwako ikiwa ndogo au kubwa zaidi utabadilisha namba, hesabu ni zilezile.

Kilometa kwa chaji moja

Muuzaji atakwambia inaenda kilometa 100 na ushee. Usibishane naye, muulize tu volti ngapi na Ah ngapi, alafu zidisha. Volti 72 mara Ah 40 ni wati-saa 2,880, yaani karibu yuniti 2.9, yuniti ileile unayoijua kwenye mita ya umeme nyumbani. Hiyo namba haina maneno mengi. Pikipiki ndogo ya umeme ukiendesha kawaida mjini inakula kama wati-saa 35 kwa kilometa. Ukiwa peke yako unaenda taratibu kwenye 40 kwa saa inaweza kushuka hadi 25, ukibeba mtu nyuma alafu ukakimbia 70 inapanda hadi 50 na hata zaidi. Acha akiba ya asilimia 10 kwenye betri, unabaki na kama 2,600 za kutumia, sasa gawanya: taratibu peke yako unapata kilometa 104, kawaida 74, na ukiwa na mtu na haraka zako 52. Betri ni ileile, siku ni ileile, tofauti ni mwendo na mzigo. Namba ya muuzaji ni ile ya kwanza, maisha yako mara nyingi ni ya tatu, kwahiyo panga kwa ya tatu.

Kinachokula zaidi ni mwendo, kuliko hata mzigo kwenye barabara tambarare. Ukiongeza spidi mara mbili upinzani wa hewa unakuwa mara nne. Ndo maana mtu mmoja anasifia chombo na mwenzake mwenye chombo hichohicho analalamika kinamwacha njiani, ukiwafuatilia utakuta mmoja anazunguka mitaani kwenye foleni na mwingine yuko barabara kuu ameshikilia mkono mpaka mwisho. Kwenye petroli mambo huwa kinyume kidogo, foleni za kusimama na kuondoka zinaikera injini maana inaunguza mafuta hata ikiwa imesimama, mota ikisimama haili kitu zaidi ya taa na kioo cha dashibodi.

Petroli hapa inashinda na hakuna haja ya kuzunguka. Cc 125 iliyotunzwa inaenda kilometa 40 hadi 50 kwa lita, tanki la lita 10 linakupeleka 400 na kitu, na kujaza ni dakika chache. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya kama yuniti 9, kwahiyo betri yetu nzima, yenye uzito wa kilo 20 na kitu, imebeba nishati ya theluthi moja ya lita. Huo ndo ukweli wa kikemia, na ndo ulioua magari ya umeme ya mwanzo. Mwaka 1899 gari la kwanza duniani kupita kilometa 100 kwa saa lilikuwa la umeme, liliitwa La Jamais Contente, Camille Jenatzy akiwa usukani huko Ufaransa, lakini lilikuwa linabeba betri za risasi, na kwa uzito ule huwezi kusafiri mbali. Petroli ikachukua dunia kwa sababu ya umbali, spidi haikuwa hoja.

Sasa theluthi ya lita inakupelekaje kilometa 70? Kwa sababu injini ndogo inageuza kama robo tu ya petroli kuwa mwendo, na hapo iko kwenye hali nzuri, iliyobaki inatoka kwenye ekzosti na kwenye mapezi ya silinda kama joto. Mota ya umeme inageuza asilimia 85 hadi 90. Injini unailisha sana na inatupa sana.

Gharama ya kilometa, ifanye mwenyewe

Bei sitaji maana zinabadilika na kila mtu ana za kwake. Fanya hivi. Petroli kilometa 100 ni lita 2 hadi 2.5. Umeme kilometa 100 ni yuniti 3.5 kwenye betri, ongeza inayopotea kwenye chaja kama joto, sema yuniti 4 kwenye mita. Chukua bei ya lita 2.5 iweke pembeni ya bei ya yuniti 4, uone.

Sehemu nyingi umeme utakuwa chini sana, na hapo ndo watu wanasimama wanaanza kushangilia. Usisimame. Ile betri inachakaa kila unapoitumia na ndo kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye chombo, kwahiyo chukua bei ya betri mpya, igawanye kwa kilometa zote itakazotembea mpaka ichoke, hiyo nayo ni sehemu ya gharama ya kila kilometa. Mwenye petroli naye aongeze oili ya kila kilometa 2,000 hadi 3,000, plagi, chujio la hewa, klachi, na ile siku ya kufungua injini kubadilisha ringi na pistoni. Mwenye kubadilisha betri kituoni asihesabu yuniti kabisa, ahesabu anacholipa kila akibadilisha gawanya kwa kilometa anazopata kweli, na kama kuna ada ya mwezi aiingize humo. Kwenye mfumo huu uchakavu wa betri uko ndani ya bei anayolipa, ndo maana kwa kilometa utakuta ni ghali kuliko umeme wa nyumbani. Hajaibiwa, analipia betri kidogokidogo badala ya mkupuo.

Betri, na hapa tukae

Ukinunua ya umeme ya kuchaji mwenyewe kwakweli umenunua betri, chuma kilichobaki ni cha kuibeba. Na betri zinazozunguka sokoni ni aina tatu.

Ya risasi, zile nzito zinazofanana na za gari, utazikuta kwenye skuta za bei ya chini. Zinakupa mizunguko 300 hadi 500, yaani mara za kuitumia yote na kuijaza tena, na ukizoea kuzimaliza mpaka sifuri hata hiyo hufiki. Kwa safari fupi za karibu zinavumilika. Kwa kazi ya kila siku mi simshauri mtu, utabadilisha betri mpaka uichukie umeme wote bila kosa lake.

Ya pili ni NMC, lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti. Sifa yake ni wepesi, nishati nyingi kwenye kilo chache, ndo maana pikipiki za spidi na betri za kubeba mkononi mara nyingi zinatumia hii. Mizunguko yake kwa betri za kawaida ni kama 800 hadi 1,500. Haipendi joto na ikiumia inawaka kwa urahisi zaidi kuliko inayofuata.

Ya tatu ni LFP, lithiamu ya chuma na fosfeti. Nzito zaidi kwa nishati ileile, utaiona betri ni kubwa na kilo zimeongezeka, lakini inakupa mizunguko 2,000 na kuendelea na inastahimili joto vizuri. Rudi kwenye mfano wetu: kilometa 70 kwa mzunguko mara 2,000 ni kilometa 140,000. NMC ya mizunguko 800 ni kilometa 56,000. Bei zake haziachani kwa kiwango hicho, kwahiyo kwa mtu wa kazi LFP ndo jibu na wala sioni la kujadili sana. Tahadhari moja, mzunguko maana yake ni betri nzima kutumika, ukitumia nusu leo na nusu kesho huo ni mmoja, kwahiyo usiogope kuchaji mara kwa mara. Na kufika mwisho wa mizunguko haimaanishi imekufa, kawaida wanamaanisha imebaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Pia betri inazeeka hata ikikaa tu, hasa ikikaa imejaa kwenye joto, kwahiyo anayetembea kilometa kumi kwa siku asitegemee kufikisha 140,000, miaka itamuwahi.

LFP ina tabia moja inayochanganya watu. Volti yake inakaa palepale karibu safari nzima alafu mwishoni inaporomoka ghafla, kwahiyo kipimo cha asilimia kikikosa mahali pa kujisahihisha kinaanza kudanganya, unaona 30 alafu chombo kinazima. Dawa yake ni kuichaji mpaka 100 mara mojamoja, hata kila wiki, ili kipimo kijue juu ni wapi. NMC ni kinyume, yenyewe inapenda ukae kati ya 20 na 80 siku za kawaida na kuijaza mpaka juu siku una safari tu.

Na chaja, tafadhali, soma kibandiko chake. Betri ya NMC ya volti 72 mara nyingi ina seli 20 mfululizo, kila seli ikijaa inafika volti 4.2, jumla 84. Betri ya LFP yenye seli 24 kila moja inafika 3.65, jumla 87.6. Zote zinauzwa kwa jina la volti 72 na soketi zake zinaweza kufanana kabisa. Ukichomeka chaja iliyoandikwa 87.6V kwenye betri ya 84V unailazimisha kupokea zaidi ya uwezo wake, na kinachokuokoa hapo ni BMS tu, ile bodi ndogo ndani ya betri inayolinda seli, nayo ikiwa ya hovyo au imeshaungua basi unachaji hatari ndani ya nyumba. Geuza chaja, tafuta neno OUTPUT, soma namba. Ukiazima chaja ya mtu, soma tena.

Kuhusu muda, chaja ya ampea 10 inatoa kama wati 840, kwahiyo betri yetu ikiwa tupu inajaa kwa masaa kama manne, na kinachovutwa ukutani kinakaribia kile cha pasi. Soketi ya kawaida yenye waya mzima inatosha. Hapa ndo pikipiki inapolishinda gari kwa mbali, gari la umeme linakula yuniti 15 hadi 20 kwa kilometa 100 na betri yake ni yuniti 50 na kuendelea, ukilichomeka kwenye soketi ya kawaida linalala usiku mzima na asubuhi bado halijajaa. Pikipiki haikudai miundombinu mikubwa, inakudai sehemu moja salama ya kuchaji na umeme usiokatika usiku kucha.

Kubadilisha betri kituoni

Kampuni ya Gogoro ya Taiwan ilianza biashara hii mwaka 2015 na ndo ilioonyesha dunia kwamba inawezekana kwa wingi. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, KTM na Piaggio wakaunda umoja wa kutafuta betri za aina moja zinazoingia kwenye vyombo vya kila kampuni. Betri ya Honda ya mfumo huu ina kama yuniti 1.3 na uzito wa kilo 10 hivi, unaibeba kwa mkono mmoja, na vyombo vingine vinachukua mbili.

Uzuri wake ni mkubwa kwa mtu wa kazi. Unanunua chombo bila betri kwahiyo bei ya kuanzia inashuka, betri ikichoka ni shida ya kampuni, na dakika mbili tatu uko barabarani tena. Anayebeba abiria au mizigo kuanzia alfajiri mpaka usiku anatembea kilometa 120, 150 na zaidi, hawezi kusimama masaa manne mchana kusubiri chaji, kila saa aliyosimama ni hela iliyopotea. Huyu betri yake mwenyewe ya kilometa 60 au 70 haimtoshi hata akiipenda vipi.

Ubaya wake sasa. Umefungwa kwa kampuni moja. Betri ya mtandao huu haiingii kwenye chombo cha mtandao ule, na kampuni ikipandisha bei unalipa, ikipunguza vituo unazunguka, ikifunga biashara umebaki na chuma kisichotembea, na kukiuza nani atanunua? Saa za watu wengi kutoka kazini unaweza kukuta kituo kimejaa betri zinazochajiwa na hakuna iliyo tayari. Alafu betri unazopewa hazilingani, leo unapata mpya kesho unapata iliyochoka, na ukilipa bei moja kwa zote mbili hiyo ni hasara yako. Kabla hujasaini uliza wanatoza kwa kila badilisho au kwa nishati uliyotumia, maana wanaotoza kwa nishati wanakulinda na betri iliyochoka. Na uliza kama mkataba unakuruhusu kuchaji nyumbani siku vituo vikizima, wengine hawaruhusu kabisa.

Kipimo changu ni kimoja: chora mzunguko wako wa kawaida wa siku, hesabu vituo vinavyofanya kazi ndani ya mzunguko huo. Kikiwa kimoja tu, usiingie. Vikiwa vitatu vinne na unaona watu wanaingia na kutoka bila foleni, ingia.

Nguvu, milima na mzigo

Mota inatoa nguvu yake ya kusukuma kuanzia sifuri, hakuna klachi, hakuna gia, ukivuta aksileta inaondoka. Kwenye foleni hii ni raha na mikono haichoki. Lakini kuondoka kwa kasi kusikudanganye kuhusu mlima mrefu, hapo swali ni joto, na hapa aina ya mota inakuwa na maana. Mota ya kwenye rimu la nyuma ni rahisi, haina cheni, haina kelele, karibu haina matunzo, ila kwenye mlima mrefu ukiwa umebeba inapata joto kwa sababu inazunguka polepole huku inavuta ampea nyingi, na uzito wake wote uko kwenye tairi kwahiyo kwenye mashimo unasikia kila kitu mpaka mgongoni. Mota ya katikati inatumia cheni au mkanda na ina uwiano wa kupunguza mzunguko, inapanda vizuri zaidi na shokapu zinafanya kazi yake, ila una cheni ya kupaka grisi na sproketi za kubadilisha kama kawaida. Sehemu yenye milima au barabara mbovu mi nachukua ya katikati bila kufikiria mara mbili.

Kuna kitu watu wa maeneo ya juu hawaambiwi. Injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, na hata ile ya EFI, isiyo na kabureta, inayojipangia mchanganyiko wa mafuta kwa kompyuta, haiponi na hilo. Kwenye mita 2,000 cc 125 yako inavuta kama ya cc 100. Mota haivuti hewa, kwake juu na chini ni sawa.

Kuteremka nako kuna tofauti. Kwenye petroli unarudisha gia injini inakushika. Kwenye umeme kuna breki ya kurudisha chaji, inasaidia kushika na inarudisha kidogo, usitegemee miujiza. Ila betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka huo umeme, kwahiyo hiyo breki inapungua au inazima. Kama unakaa juu ya mlima na unachaji usiku mpaka 100, asubuhi unateremka ukitegemea breki za kawaida tu, kwahiyo zikague.

Fundi na spea

Petroli ina utajiri ambao umeme bado haujaufikia. Honda Super Cub ilitoka mwaka 1958 na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100, na zikihesabiwa na ndugu zake wote wa injini ndogo unaelewa kwanini popote ulipo kuna mtu anayejua kufungua kabureta na kuna duka lenye plagi. Ukiharibikiwa mbali na mji hilo lina thamani kuliko hesabu zote za yuniti.

Umeme una vitu vichache vya kuharibika, hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna ringi, hakuna vali. Lakini kikiharibika mara nyingi ni kontrola (ile boksi inayopanga umeme unaoenda kwenye mota), BMS, au zile sensa ndogo ndani ya mota, na hapo fundi wa kawaida anasimama. Dalili ya mwanzo ambayo unaweza kuiona mwenyewe iko kwenye nyaya tatu nene zinazotoka kontrola kwenda kwenye mota: fungua kifuniko uangalie pale zinapofungwa na bolti, plastiki ikiwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia au imelainika, bolti imelegea na panapata joto. Kaza mapema, ukiacha panaunguza kontrola yote. Ila ukumbuke kwanza kuzima kila kitu na kuchomoa betri, volti 72 za moja kwa moja zinaweza kukuunguza.

Ila nao upande wa petroli unabadilika. EFI zina pampu ya mafuta ya umeme, sensa na kompyuta, na betri ndogo ikifa kabisa hata kiki haikusaidii kwenye nyingi. Kwahiyo ile hoja ya kwamba petroli inatengenezeka kwa bisibisi na plaizi inazidi kupungua nguvu kila toleo jipya. Anayetaka chombo cha kufunguliwa na fundi yeyote anunue ya kabureta ajue anachokifuata, na asiiache imekaa miezi na mafuta ndani maana kabureta itaziba.

Mbaya zaidi upande wa umeme ni kufuli la programu. Wengine wamefanya kontrola isikubali betri isiyo yao, au spea mpya inahitaji kompyuta ya kampuni kuitambua. Uliza hili kabla ya rangi na taa: betri ikifa baada ya miaka mitano naweza kufunga ya kampuni nyingine? Jibu likiwa hapana, hesabu yako ya bei ibadilike.

Mvua na moto

Mvua ya kawaida haina shida kwa yoyote iliyotengenezwa vizuri. Tafuta IP67 kwenye betri na mota, maana yake vumbi haliingii na inavumilia kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa nusu saa. Hiyo haimaanishi uioshe kwa pampu ya presha, maji ya presha yanapita kwenye viungio vya waya ambavyo mvua haivifikii.

Moto wa lithiamu ni nadra ila ukitokea ni mgumu kuzima, kwahiyo usichaji kwenye mlango au korido ambayo ndo njia yenu ya kutokea. Betri iliyotoka kufanya kazi ipumzike ipoe kwanza. Iliyoanguka vibaya, iliyovimba au yenye harufu usiichaji kabisa, itoe nje. Na petroli ndani ya nyumba pia ni moto unaosubiri, tumezoea tu.

Nani achukue nini

Una safari ya kila siku inayojulikana isiyozidi kilometa 50, una sehemu salama ya kuchaji usiku: chukua umeme wa kuchaji mwenyewe, betri ya LFP, na usiangalie nyuma. Kelele hamna, moshi hamna pale unapopita, na hizi petroli ndogo zisizo na kisafisha moshi zinatoa uchafu mwingi kuliko ukubwa wake, majirani na watoto wanaovuta hewa hiyo wana haki nao.

Unafanya kazi ya barabarani siku nzima ndani ya mji wenye vituo vingi: kubadilisha betri, baada ya kusoma mkataba. Vituo vikiwa vichache lakini una mahali pa kupumzika mchana penye umeme, fikiria chombo chenye nafasi ya betri mbili zako mwenyewe.

Unasafiri mbali, njia hazitabiriki, umeme unakatika hovyo, au unaishi mbali na fundi wa elektroniki: petroli bado ni ya kwako na usione aibu, iwe ya cc ndogo, ibadilishe oili kwa wakati. Anayekwambia umebaki nyuma hatakuwepo siku chaji imekuishia njiani usiku.

Na yule anayetaka kung'oa injini ya zamani afunge mota na betri, inawezekana, lakini fremu, breki na shokapu vilipimwa kwa uzito mwingine, kwahiyo kama hutakuwa na fundi anayejua kulehemu mabano ya betri yasiyotetemeka, acha.

Ukinunua ya umeme iliyotumika

Kilometa kwenye dashibodi usizitegemee, jaribu betri. Iwe imechajiwa mpaka mwisho, panda mwenyewe, tafuta mlima, vuta aksileta yote uangalie volti au asilimia. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikiwa inaruka kutoka 40 mpaka 10 alafu ukiachia inarudi 35, kuna seli zimechoka na ndo zitakazokuzimia njiani. Kama BMS ina bluetooth omba kuona volti za seli mojamoja kwenye simu, zikiwa zimepumzika na chaji iko katikati zikipishana kwa zaidi ya volti 0.1 betri hiyo ina shida tayari. Angalia kibandiko cha betri kama kinalingana na kile cha chaja, angalia kama boksi la betri lina dalili ya kufunguliwa, shika rimu la nyuma ulitingishe kama beringi zimeisha. Alafu endesha mpaka chaji ifike 20 ukihesabu kilometa, zidisha hizo kilometa kwa 100 gawanya kwa 80, hapo umepata uwezo wake wa kweli. Muuzaji akikukatalia hiyo safari, muachie pikipiki yake.